Mwenyeji Gani Apone?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari ya utalii neno hili lataka kuulizwa swali: mwenyeji ni nani? Serikali hupata kodi na fedha za kigeni, na hilo si haba, kwani ndizo zinunuazo mafuta na dawa. Lakini si serikali iliyopisha njia ya ufukweni.

Tuitazame Unguja. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980, Zanzibar iliwafungulia wawekezaji milango, na baadaye hoteli zikajipanga pwani ya mashariki. Huko Paje na Jambiani, mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, wanawake walianza kulima mwani maji yakipwa, jirani na mchanga ambao leo mgeni hutandika kitambaa aote jua. Mgeni huyo huenda alikwisha kulipia ndege, chumba na chakula huko kwao. Basi sehemu kubwa ya fedha yake haivuki bahari. Na kama yai na nyanya za mezani pake zaja kwa meli, mkulima wa jirani amepona nini?

Wako wasemao kwamba ukarimu ukitiwa bei hufa. Siwaafiki: mpishi alipwaye haki yake hana sababu ya kununa.

Mwaka 2020 ndege zilipokoma, hoteli nyingi zilifunga milango. Mwani uliendelea kuota. Mwalimu afundishaye ukuaji wa uchumi na awatume wanafunzi wake sokoni, wakaulize hoteli hununua nini hapo.