Mauzo Huisha Lini?

Neno moja la Kiingereza limeingia katika Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja na magari, likawa dereva. Mara ya pili lilikuja na kompyuta, likawa draiva: ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, skana, kamera au kadi ya sauti. Vitabu vingine huiita kiendeshi, lakini ukilitaja jina hilo dukani, fundi atakuuliza unamaanisha nini.

Maneno haya mawili yana asili moja, ila hali zake hazifanani. Gari likikosa dereva, unamtafuta mwingine. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ina kona nyingi na korongo upande mmoja, lakini wako watu wengi wanaoiweza. Printa ikikosa draiva, mara nyingi yuko mmoja tu duniani anayeweza kukupa nyingine, naye ni yule yule aliyeitengeneza printa. Akikataa, huna pa kwenda.

Mjomba wangu anaishi Irente na ana duka la steshenari Lushoto mjini. Kazi zake ni zile za kila steshenari ya wilayani: kutoa kopi za vyeti, kuchapa mitihani ya shule, fomu za mikopo ya wanafunzi, barua za maombi ya kazi, ratiba za mazishi. Mashine anayoitegemea ni printa kubwa ya leza yenye skana juu yake, mtumba wa Ulaya, aliyoinunua Tanga. Kwa miaka sita ilimfanyia kazi vizuri. Kisha kompyuta yake ikafa, akanunua nyingine yenye Windows mpya. Printa iliwashwa, taa zikawaka, karatasi zikakaa mahali pake, ila kompyuta haikuiona. Katika orodha ya kampuni iliyoitengeneza, printa hiyo imeandikwa kwamba muda wake umekwisha, na draiva yake ya mwisho ni ya Windows ya zamani.

“Mjomba, mashine haijaharibika,” nilimweleza. “Kampuni imeacha kuitengenezea programu.”

“Sasa, mwanangu,” aliniuliza, “mimi waliniuzia nini?”

Fundi mmoja kijana alijaribu njia nyingine. Alichukua kompyuta kuukuu, akaweka Linux, akatafuta draiva iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Printa ikachapa ukurasa wa kwanza baada ya wiki tatu. Skana haikuamka mpaka leo. Kwa hiyo mjomba anachapa kwa kompyuta moja na kuskani kwa simu. Ila ukurasa ule ulithibitisha jambo moja: mashine ilikuwa nzima muda wote. Kilichokosekana kilikuwa maarifa ya jinsi ya kuiamuru, na maarifa hayo yalikuwapo, yamefungiwa mahali.

Swali la mjomba si la Lushoto peke yake. Januari 2007 Microsoft ilipoanza kuuza Windows Vista kwa umma, ilikuwa imebadilisha namna sauti inavyopita ndani ya kompyuta. Kampuni ya Creative ya Singapore, iliyokuwa na jina kubwa kwa kadi zake za Sound Blaster, ikajikuta na wateja wengi wenye kadi nzuri zinazofanya kazi nusunusu. Vitu walivyovilipia katika mfumo wa zamani, katika mfumo mpya havikuwapo. Kijana mmoja wa Brazil, aliyejulikana kwa jina la Daniel_K, alizichukua draiva za kampuni, akazirekebisha, akawagawia wenzake. Kadi zikaanza kufanya yale yaliyokosekana. Wengine walimtumia pesa kidogo za shukrani.

Machi 2008 kiongozi mmoja wa Creative alimwambia hadharani aache. Hoja yake ilikuwa kwamba draiva zile ni mali ya kampuni, na kwamba kuamua kadi ipi ipewe uwezo gani ni uamuzi wa kibiashara ambao kampuni peke yake ina haki ya kuufanya. Wateja walilipuka. Watu waliokuwa wamenunua bidhaa za kampuni hiyo kwa miaka mingi waliapa kutonunua tena hata kebo yake. Baada ya muda mfupi kampuni ililegeza msimamo.

Tuiangalie hasira ile ilipanda lini. Manung'uniko yalikuwapo tangu mwanzo, lakini yalikuwa manung'uniko ya kawaida, ya mtu aliyeuziwa kiatu kikabanduka soli. Yaligeuka kuwa hasira ya kweli pale kampuni ilipomzuia mtu mwingine kuifanya kazi ambayo yenyewe haikuifanya. Na ile kauli ya uamuzi wa kibiashara iliwaumiza watu kuliko kasoro yenyewe, kwa sababu iliwaonyesha kwamba baadhi ya mambo waliyoyadhani hayawezekani yalikuwa yanawezekana, ila hayakutakiwa.

Huku kwetu Usambara kuna wazo la zamani linalonisaidia kuielewa hasira ya namna hii. Katika utawala wa Wakilindi, waliokuwa na makao yao Vugha, watu waliamini kwamba mfalme anashika mvua. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wakulima wa Usambara na fikra zao za kisiasa, anaeleza maneno mawili ya Kishambaa yaliyobeba siasa yote ya hapa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Anayeweza kuiponya nchi ndiye huyo huyo anayeweza kuidhuru, kwa kuwa dawa ya kuleta mvua na dawa ya kuizuia ziko mkononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo kiangazi kikizidi, hakuna anayemlaumu jirani. Jirani hana mvua. Lawama inakwenda kwa aliyeishika.

Ukisimama kwenye jabali la Irente unaiona Mazinde chini kabisa, ukingoni mwa nyika. Hapo ndipo Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, alipoweka makao yake, karibu na njia ya misafara, kwenye biashara na bunduki. Baada ya Kimweri kufa mwaka 1862, nchi iliingia katika vita vya ndugu kwa ndugu. Siitaji habari hii ili kuwafananisha wafanyabiashara na watawala wa vita. Ninaitaji kwa ajili ya kanuni iliyo ndani yake: lawama hufuata uwezo. Wazee wetu hawakusema mfalme ana wajibu wa mvua kwa sababu aliandikiana mkataba na kila mkulima. Walisema ana wajibu kwa sababu ameishika, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuishika.

Kampuni ina utetezi, na utetezi huo una uzito. Kila mfumo mpya wa kompyuta unapotoka, draiva inabidi iandikwe upya au irekebishwe, ijaribiwe, isahihishwe. Wanaofanya kazi hiyo wanalipwa mishahara. Printa inauzwa mara moja, lakini mifumo inabadilika mara kwa mara. Na mara nyingi si mtengenezaji wa printa aliyeubadilisha mfumo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Kampuni ikilazimishwa kuihudumia kila mashine milele, gharama itaingizwa katika bei ya mashine mpya, na mwenye kipato kidogo ndiye atakayeshindwa kununua. Huwezi kumtaka muuza jembe aje kukunolea kila msimu mpaka ufe.

Ninaikubali hoja hii, lakini ninaona inajibu swali lingine. Muuza jembe akiondoka, jembe linabaki na siri zake zote wazi. Mhunzi yeyote analielewa. Muuza printa akiondoka, anaondoka na ufunguo. Kuna tofauti kati ya kuacha kuhudumia na kuzuia kuhudumiwa. La kwanza laweza kuwa uchovu au uchumi. La pili ni kushika mvua usiyotaka kuinyesha.

Fikihi ya biashara ina neno linalofaa hapa: khiyari ya aibu, haki ya mnunuzi kukirudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwapo kabla hajakipokea. Ni aibu ile ile tunayoitaja kwa maana ya fedheha. Katika Kiarabu maana yake ni kasoro. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamtaka muuzaji, katika mazingira fulani, atoe kitu kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa. Zote mbili zinaitazama hali ya kitu kilipokabidhiwa. Mtu wa kampuni atasema: siku ile printa ilifanya kazi, basi aibu haikuwapo.

Mimi nadhani ilikuwapo. Aibu si kukosekana kwa draiva miaka mingi baadaye. Aibu ni ule utegemezi ambao haukutajwa siku ya kwanza: kwamba kitu hiki kizito cha chuma na plastiki, kinachoonekana ni chako, kitaendelea kuwa na faida kwako mpaka siku ambayo mtu usiyemjua ataamua vinginevyo, na siku hiyo hutaruhusiwa kujisaidia. Laiti hilo lingeandikwa juu ya boksi, wengine wangenunua hata hivyo, kwa bei ndogo zaidi. Lakini wangejua wamenunua nini, na swali la mjomba wangu lingekuwa na jibu.

Linabaki jambo gumu zaidi. Mjomba hakununua kwa kampuni. Alinunua kwa mfanyabiashara wa Tanga, aliyenunua kwa mwingine, aliyeitoa katika ofisi fulani ya Ulaya iliyokwisha kuichoka. Wateja wa Creative walisikilizwa kwa sababu kampuni ilihofia kuwapoteza. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitukana Nvidia hadharani nchini Finland kwa kutoshirikiana na watengenezaji wa mfumo huo. Mei 2022 Nvidia ilitoa hadharani msimbo wa sehemu ya draiva zake. Sisemi tusi lile ndilo lililoleta msimbo. Miaka kumi ina mambo mengi. Ninasema Torvalds alikuwa mtu ambaye neno lake linafika. Mwenye steshenari wa Lushoto akitukana, anasikia mteja aliyekuja kutoa kopi.

Sheria nazo zinamfuata mteja wa kwanza. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2019 kuhusu mauzo ya bidhaa, unamtaka muuzaji ahakikishe vifaa vyenye programu vinapata masasisho kwa muda ambao mnunuzi anaweza kuutarajia kwa haki. Ni hatua nzuri. Lakini haki hiyo imefungwa kwenye mauzo ya kule. Mashine ikishapakiwa kwenye kontena, inashuka bandarini kwetu bila haki hiyo, nasi tunaipokea kama tulivyozoea kupokea, tukishukuru kwamba bado inawaka.

Kama wajibu unatokana na risiti, mjomba hana dai lolote. Kama unatokana na kushika maarifa, dai lake ni sawa na la mnunuzi wa kwanza, kwa sababu kufuli iliyomfungia ni ile ile. Mimi nasimama na hili la pili. Sidai kampuni imwandikie mjomba draiva mpya. Ninadai kwamba siku inapotangaza kuwa muda wa mashine umekwisha, iweke wazi maelezo ya jinsi mashine hiyo inavyoamriwa, kadiri yanavyokuwa yake kuyatoa, na isimguse atakayeyatumia. Nakubali kwamba ndani ya draiva huweza kuwamo siri za kampuni nyingine, na hizo si zake kuzigawa. Zilizo zake zinatosha kuanzia.

Wengi tunaosoma sasa hatutauza printa. Lakini baadhi yetu tutaandika mifumo: ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati, ya matokeo ya shule za kata, ya hesabu za vyama vya wakulima wa mboga na matunda huku milimani. Tutaiandika kwa mradi wa miaka miwili au mitatu, kisha mradi utakwisha, nasi tutapata kazi Dodoma au Nairobi. Neno la siri litakuwa kichwani mwa mmoja wetu na msimbo katika kompyuta aliyoondoka nayo. Mfumo utafanya kazi mwaka mmoja, kisha kitu kitabadilika, na muuguzi ataketi mbele ya kompyuta isiyomtambua. Hatatufahamu hata kwa majina, na risiti haitakuwapo. Kabla ya kufunga mkoba, tumwachie mtu wa pale neno la siri, msimbo, na karatasi chache zinazoeleza kila sehemu inafanya nini, kwa Kiswahili atakachokielewa fundi atakayekuja baada yetu.