Kura, Kadari na Uenyeji

Huko Shituru, komini mojawapo katika nne za mji wa Likasi, ambako mitambo ya shaba iliyoanza kazi mwaka 1929 iliwavuta watu kutoka kila pembe, ni taabu kumpata mzee ambaye babu yake hakuwasili kwa miguu au kwa garimoshi akitafuta riziki. Ndiyo maana hapana mahali pafaapo zaidi kuliko hapo kuuliza suala hili: kura zikishahesabiwa, aliyeshindwa amlaumu nani?

Mwezi wa Desemba 1957 serikali ya Wabelgiji iliiruhusu miji mitatu ya Kongo, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ndiyo Likasi kwa jina la zama zile, ichague washauri wa komini, na wanaume peke yao ndio waliopiga kura. Kikula, komini ya Jadotville, ikampata mkuu wake, Victor Lundula, Mtetela wa Kasai. Na Elisabethville nako wengi wa wakuu wa komini za Waafrika hawakuwa wenyeji wa kusini mwa Katanga. Walioona wamepitwa wangaliweza kujihoji: tumepungukiwa na nini hata jirani zetu wakamwamini mwingine? Lakini suala hilo lachoma nafsi, nayo nafsi hupenda suala jepesi. Wakaacha kuuliza ni nani aliyechaguliwa, wakauliza ni nani aliyestahiki kuhesabiwa. Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat, chama cha waliojiita Wakatanga wa asili. Na Mei 1960, katika viti 60 vya baraza la jimbo, kikapata 25, ilhali Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga, na washirika wake wakapata 23.

Wako wasemao kuwa haya yote ni kadari, kwani Mola humwinua amtakaye na kumshusha amtakaye. Na kwa hakika mambo ya miaka ile yaelekea kuwashuhudilia. Lundula alifanywa jenerali wa jeshi la Kongo Julai 1960, na Septemba akauzuliwa; Moïse Tshombe, kiongozi wa Conakat, aliyetangaza utengano wa Katanga tarehe 11 Julai 1960, akawa waziri mkuu wa Kongo nzima mwaka 1964, kisha akafa Algeria mwaka 1969 akiwa kizuizini. Mimi siikanushi kadari. Ila naona kwamba ikiwa ushindi na ushinde ni katika yale tuliyoandikiwa, basi mwenendo wetu baada yake ni katika yale tutakayoulizwa. Aliyepewa cheo amepewa amana, naye atahojiwa kwa amana hiyo. Na aliyekikosa amepewa imtihani, naye atahojiwa kwa subira na insafu yake. Hakuna aliyeandikiwa kumdhulumu jirani kwa sababu kura zimemwendea mwingine.

Na dhuluma hiyo ilitendeka. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi kwa maelfu, wakalala penye kituo cha garimoshi wakingoja mabehewa ya kuwarudisha katika nchi ambayo wengi wao hawakupata kuiona, kwa reli ileile iliyowaleta babu zao. Aliyewafukuza alidai uenyeji. Lakini katika ardhi hii ya Mwenyezi Mungu, ambamo kila mwanadamu hukaa siku chache akaondoka, uenyeji una uzito gani hata uwe daawa ya kumnyima mtu haki?

Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu, na Likasi haimo. Kwa hiyo Shituru bado yaingoja zamu yake. Siku hiyo ikifika, ewe mpiga kura, mwulize mgombea jinsi atakavyoitunza amana. Usimwulize babu yake alishukia kituo gani.