Kubadili Mtindo Si Kuvunja Ahadi

Katika mitaa yetu ya Nachingwea na Ruangwa liko swali linalorudi kila kwaya inapokutana kwa mazoezi: je, yafaa kuacha namna ya kuimba tuliyoizoea? Vijana wataka kinanda cha umeme. Wazee wataka sauti nne kama zilivyoandikwa kwa noti za solfa. Kila upande humwona mwenzake amepotoka. Kabla hatujahukumu, natutazame mfano wa nje ya Kanisa, maana huko hatuna wa kumpendelea.

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi, jina lake Farrokh Bulsara. Jamaa yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, na mwaka 1970, huko London, akawa mwimbaji wa bendi iitwayo Queen. Watu waliijua bendi hiyo kwa gitaa lenye kishindo, sauti zilizopangwa juu ya sauti, na mavazi ya kumetameta. Katika majalada ya sahani zao za miaka ya 1970 waliandika kwa fahari kwamba hawakutumia sintesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme. Mwaka 1980 wakaanza kukitumia. Mwaka 1982 wakatoa sahani iitwayo Hot Space, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa muziki wa disko. Wapenzi wao wengi walikasirika, wakajiona wamesalitiwa.

Je, kweli walisalitiwa? Sisi twaona sivyo. Mnunuzi alinunua sahani, hakununua koo la mwimbaji. Na yale maneno ya jaladani yalieleza sahani ile iliyomo ndani. Hayakuwa nadhiri ya siku zijazo. Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo mawili: desturi na ahadi. Desturi ni kitu tulichokirudia hata tukakipenda. Ahadi ni neno tulilompa mtu, naye akalitegemea. Anayeacha desturi anaweza kutuhuzunisha. Anayevunja ahadi anatudhulumu. Huzuni yetu peke yake haitoshi kuwa ushahidi wa dhuluma.

Lakini tusiwaachilie upesi hivyo. Ndani ya bendi yenyewe kulikuwa na manung'uniko. Brian May alikuwa akipiga gitaa aliloliunda kwa mikono yake akisaidiwa na baba yake, na katika nyimbo kadhaa za sahani ile gitaa hilo lilipata nafasi ndogo. Roger Taylor, mpiga ngoma, aliona mashine ikishika kazi ya ngoma zake. Hao hawakuwa wanunuzi. Walikuwa wenzi wa safari. Mtu anaweza asiwe na deni kwa wasikilizaji, na bado akawa na deni kwa mwenzake aliyeketi naye benchi moja.

Wala kosa halikuwa katika chombo. Mwaka 1984 ni Taylor huyo huyo aliyetunga Radio Ga Ga, wimbo uliojaa kinanda kile kile, nao ukapendwa sana. Katika sahani ya mwaka huo gitaa nalo lilirudishiwa nafasi yake. Mapya yalibaki, na wenzi wakapata pa kukaa.

Turudi nyumbani. Tulipobatizwa na kupokea Kipaimara tuliahidi imani na utii kwa Mungu; hatukuahidi tuni. Zaburi ya 96 na ya 98 zote zinaanza kwa kuagiza wimbo mpya. Hapa Masasi, Askofu Vincent Lucas aliitwaa jando ya wenyeji akaipa umbo la Kikristo, ingawa si wote walioridhika. Leo nani kati yetu angesema kwamba hilo lilikuwa kuiacha imani? Basi wazee wasiwaambie vijana kwamba kinanda ni usaliti.

Nanyi vijana, sikieni upande wenu. Yuko mama aliyeimba alto miaka thelathini, anayejua kila wimbo kwa moyo. Mkibadili nyimbo zote kwa mwezi mmoja, bila kumfundisha wala kumwuliza, mmemfukuza bila kutamka neno. Kwanza ataacha kwaya. Baadaye, kwa aibu ya kukaa kimya mahali alipozoea kuimba, ataacha hata Misa. Hapo kilichopotea si mtindo, ni mtu. Na mtu huyo tulimwahidi: kila tulipompa mkono wa amani tulimwambia kwamba yu mmoja wetu.

Kwa hiyo kipimo chetu kisiwe upya wala ukale wa wimbo. Tuulize: je, bado twamwimbia Mungu, au twataka kusifiwa na mtaa wa jirani? Je, aliyekuwa nasi jana angali ana nafasi leo? Kwaya itakayoweza kujibu vema maswali hayo mawili na ipige kinanda, au iimbe kwa solfa, au ifanye yote mawili katika Misa moja.