Baruti Kiasi Gani Inatosha?

Wapasuaji wa Hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, wanaosaidiana na wenzao wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, hawaulizi aliyepiga ni nani. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, majeruhi walifika kwa wingi, na kila mmoja alisomwa kwa jeraha lake: risasi imeingilia wapi, imetokea wapi, imevunja mfupa gani.

Ukubwa wa jeraha kama hilo, kwa sehemu kubwa, uliamuliwa zamani. Risasi ya Kalashnikov, yenye kipenyo cha milimita 7.62 na ganda la milimita 39, ilibuniwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1943. Kijana aliyeifyatua pale Sake au Munigi, karibu na Goma, hakupima baruti wala hakuchagua uzito wa kichwa cha risasi. Alichagua kufyatua tu, na hesabu ya dhambi yake inaanzia hapo.

Wapo ambao hesabu yao huanza mapema zaidi. Mwaka 1959 mwindaji Mmarekani, Jack Lott, alijeruhiwa vibaya na nyati nchini Msumbiji. Mkononi alikuwa na .458 Winchester Magnum, risasi iliyokuwa sokoni kwa miaka mitatu tu, na ambayo wawindaji walikuja kuilalamikia kwamba ganda lake fupi lilishindiliwa baruti mpaka ikagandamana na kuwaka vibaya. Mwaka 1971 Lott alijitungia risasi yake, ganda likiwa na urefu wa milimita 71 badala ya 63 na ushei. Mafundi wakaanza kuchonga upya chemba za bunduki za .458, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu kinachopokea risasi, ili zimeze ganda refu zaidi. Mtutu haukubadilika, na upana wa kichwa cha risasi ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni nafasi ya baruti, na baruti ni kasi: kasi ikiwa maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne. Kwa miaka mingi aliyeitaka risasi hiyo aliijaza mwenyewe, mezani kwake, kabla viwanda havijaikubali.

Je, Lott alifanya vyema?

Mwislamu anayewinda angeweza kujibu ndiyo bila kusita. Hadithi ya Shaddad ibn Aws, iliyomo katika Sahih Muslim, inamtaka anayechinja anoe kisu chake na ampunguzie mnyama taabu. Kisu butu ni ukatili, hata kama mwenye mkono ana huruma. Basi risasi dhaifu, inayomwacha nyati akimbie siku nzima na chuma tumboni, nayo ni kisu butu, na fundi aliyeongeza nafasi ya baruti ametenda wema. Hoja hii ni nzito. Anayeidharau hajawahi kufuata alama za damu porini.

Ila yupo Bell wa kuitia dosari. W. D. M. Bell, Mskoti, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, Karamoja nchini Uganda na katika Lado, eneo lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji pamoja na Kongo yake. Wengi aliwaua kwa risasi ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona ni ya kuwindia swala. Siri yake ilikuwa msumeno: alipasua fuvu la tembo ili ajue ubongo umekaa wapi. Si mtu wa kuigwa, maana pembe zote zile zilikwenda sokoni. Hata hivyo alionyesha kwamba upungufu wa ganda unaweza kuzibwa na maarifa, na kwamba anayetaka baruti zaidi huenda anaziba pengo la shabaha. Au la hofu.

Hofu ndiyo iliyo nyuma ya swali maarufu la Mtakatifu Thoma wa Akwino kuhusu kujilinda. Jibu lake la karne ya 13, ambalo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inalirudia, ni kwamba kujitetea ni halali hata mshambulizi akifa, lakini anayetumia nguvu kupita inayohitajika anatenda isivyo halali. Sasa nani atapima nguvu huku panga liko hewani? Kwa mtu aliyevamiwa usiku, walimu wa maadili wamekuwa wapole, na ni haki yao kuwa wapole.

Aliye mezani akijaza ganda hana udhuru huo. Ana taa, ana mizani, ana muda wa kunywa chai. Hakuna anayemkimbilia. Ameketi kwa utulivu kuamua mwili wa kiumbe asiyemwona utapasuka kiasi gani, na utulivu wake unamwondolea kisingizio cha hofu. Maadili yetu mara nyingi huanza kuhesabu kidole kinapogusa kifyatulio. Yangepaswa kuanza hapa. Mwenye gobore wa Tanzania, anayemimina baruti kwa mkono kila anapopakia, yuko karibu na Lott kuliko na kijana wa Kalashnikov. Tofauti ni kwamba akizidisha, mtutu unaweza kumpasukia usoni.

Serikali nazo zimewahi kuliona tatizo likiwa bado karakanani. Mwaka 1863 jeshi la Urusi lilibuni risasi ya kulipua mikokoteni ya kubebea risasi na baruti. Mwaka 1867 ikarekebishwa ili ilipuke hata ikigusa kitu laini, yaani nyama. Urusi yenyewe ikashtuka, ikaita mataifa St Petersburg mwaka 1868, na risasi za kulipuka zenye uzito chini ya gramu 400 zikapigwa marufuku vitani. Huko The Hague mwaka 1899 zikafuata risasi zinazotanuka mwilini. Jenerali John Ardagh wa Uingereza alipinga: askari wa mataifa yaliyostaarabika, alidai, akipigwa huanguka, lakini “mshenzi” huendelea kuja. Kipimo cha kutosha, kwa hesabu yake, kilitegemea anayepigwa ni wa taifa gani. Katika Kongo ya Leopold ya miaka hiyohiyo, askari wa Force Publique, jeshi lake, walidaiwa mkono uliokatwa kuthibitisha kwamba risasi haikupotea bure. Baruti ilitunzwa kwa ukali kuliko watu.

Ajabu ni kwamba sheria ya Uingereza ya 1991 inamlazimisha mwindaji wa kulungu kutumia risasi ya aina ileile inayotanuka. Haramu vitani, faradhi msituni. Wala hakuna unafiki hapo: kulungu anatakiwa afe upesi, ilhali kwa adui inatosha aache kupigana. Chuma ni kimoja, kutosha ni kwingine.

Mwaka 2010 mjini Kampala, nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikubaliana kwamba kutumia risasi hizo ni uhalifu hata katika vita visivyo vya kimataifa. Ziliweka sharti moja: lazima mpigaji awe amezitumia ili kuzidisha mateso bila faida. Sheria ikarudi kwenye niya, mahali ambapo imamu na padri wa Goma wangeitarajia iwe. Lakini niya inayotafutwa ni ya aliyefyatua. Aliyechonga chemba, aliyejaza ganda na aliyeuza huku akijua mzigo unakokwenda hufikiwa kwa kifungu kingine, cha kusaidia uhalifu, na mwendesha mashtaka hana budi kuthibitisha kwamba walikusudia kuurahisisha.