Jicho na Maji ya Mwilini

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipotafuta elimu isiyo na shaka aliliweka jicho kizimbani. Jicho huona kivuli kimetulia, kumbe kinasogea. Huona nyota ndogo kama dinari, na jiometri ikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Mimi ni daktari wa wodi, na shauri hilo hunijia kila ninaposhika altrasaundi kando ya kitanda.

Bibi mmoja mwenye ugonjwa wa moyo aliletwa akiweweseka, sodiamu ya damu milimoli 116 kwa lita, ilhali kawaida huanzia 135. Mdomo mkavu, miguu haikuvimba. Mwanawe akasema, "Daktari, mama amekaukiwa, mtundikie dripu." Macho yangu yalikubaliana naye. Mkojo nao haukuamua: sodiamu yake mara nyingi hushuka chini ya 30 kwa aliyepungukiwa maji, na vilevile kwa mwenye moyo uliochoka, maana figo za wote wawili hupata damu haba, zikang'ang'ania chumvi.

Nikapaka jeli chini ya kifua. Mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni ulizidi upana wa sentimita 2.1, na alipovuta pumzi haukunywea. Mapafu yalijaa mistari myeupe ya unyevu. Maji yalikuwa yamezidi, yakaizimua chumvi, dripu ingemzamisha. Tukampunguzia maji ya kunywa, tukampa dawa ya kukojoza.

Je, nilijua, au niliona tu? Mshipa kama ule hupanuka hata kwa mwanariadha mwenye afya, na mwembamba huonekana kwa mtu asiyeumwa. Picha ilipata maana ilipokutana na habari kwamba bibi halali bila kuegemea mito. Nilichopata ni dhana yenye nguvu, na naamini Mwenyezi Mungu ametukalifisha kutenda kwa dhana ya namna hiyo baada ya kujitahidi. Anayengoja yakini wodini atampoteza mgonjwa. Wanaosema mashine imetuondolea mzigo wa kuamua nawapinga kwa moyo wote. Mzigo umeongezeka: aliyefunuliwa yaliyo ndani ya mwili wa mtu hawezi tena kujitetea kwamba ngozi ilimficha.

Na bado liko lisiloonekana. Sodiamu ikipanda upesi, zaidi ya milimoli 8 hadi 10 ndani ya saa 24, shina la ubongo laweza kuharibika, na dalili hujitokeza siku kadhaa baadaye. Basi usiku ule damu ya bibi ilipimwa kila baada ya saa chache, huku nikimweleza tena mwanawe kwa nini mama mwenye mdomo mkavu hapewi maji.