KOSA LA KUKADIRI NYUMBA BAADA YA KUNUNUA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Jueni, ndugu zetu, ya kuwa mtu akinunua nyumba kwa kauli ya mkadiriaji, kisha likadhihiri kosa, hana budi kwanza atambue kosa lile ni la namna gani. Kwani hukumu zake si moja.

La kwanza ni kosa la bei. Nyumba ni nzima, lakini amenunua kwa shilingi 1000, na wajuzi wasema thamani yake ni 700. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi hana haki ya kuirudisha. Wanavyuoni wamepiga mfano wa aliyenunua kioo akidhani ni johari: biashara imepita, kwani yeye ndiye aliyefanya haraka asiulize.

La pili ni kosa la kipimo. Ikishurutishwa kuwa kiwanja ni dhiraa 100, kikatokea 90, biashara ni sahihi, na mnunuzi ana hiari: aridhike kwa bei ile ile, au avunje.

La tatu ni aibu iliyofichika: boriti zimeliwa na mchwa, na juu yake pamepakwa chokaa mpya. Ikiwa aibu hiyo ilikuwako kabla hajakabidhiwa, naye hakuijua, yajuzu airudishe nyumba na atwae mali yake yote. Lakini haki hii ni ya papo hapo. Akiisha kuijua, kisha akakaa humo bila ya udhuru, au akapangisha akala kodi, haki imemtoka, ajapokuwa atagomba mwaka mzima. Hapa ndipo wengi wapotezapo mali yao.

Na kama nyumba ilikwisha kuanguka kabla hajaijua aibu, hurudishiwa fungu la bei. Waadilifu watakadiri: ikiwa nzima ni 1000, na yenye aibu ni 900, upungufu ni fungu 1 katika 10. Basi aliyenunua kwa 800 hupewa 80, wala si 100.

Nawe muuzaji, kumbuka: Mtume s.a.w. alitia mkono katika chungu ya chakula sokoni, akakuta umaji ndani yake, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone. Chokaa mpya juu ya boriti mbovu ni mambo hayo hayo. Na mkadiriaji ajuaye akanyamaza ni mshirika wake katika dhambi.

Ama yule aliyejuta kwa bei, ijapokuwa sheria haimpi haki, ni suna muuzaji akubali kuivunja biashara. Na Mtume s.a.w. ametubashiria ya kuwa afanyaye hivyo Mwenyezi Mungu atamsamehe makosa yake. Je, shilingi 300 za faida zalingana na msamaha huo?

Wabillahi tawfiq.