Mtazamaji na Ngumi

Katika miji midogo ya Marekani na Kanada, jumba la hoki ya barafu ndilo baraza la watu wakati wa baridi. Jumba la War Memorial la Johnstown, Pennsylvania, lililofunguliwa mwaka 1950, lina viti karibu 4,000 tu. Mtu husikia viatu vya chuma vikikwaruza barafu, na mtoto huketi kati ya babu na jirani. Hili twaliona ni jema, tena jema sana.

Lakini wachezaji wawili wakitupa glavu na kupigana, jumba zima husimama kwa shangwe. Adhabu yao ni dakika 5 nje ya mchezo, kisha hurudi. Je, anayeshangilia hana sehemu katika ngumi ile? Wako wasemao hana, kwani wapiganaji wamekubaliana wenyewe, naye amelipa kiingilio tu. Sisi twaona kiingilio hicho ndicho kimnunuacho mpiganaji. Mchezaji wa ligi ndogo, mwenye mshahara haba, akijua kwamba mji humpenda kwa ngumi kuliko kwa mabao, atapigana.

Desemba 2008, huko Brantford, Ontario, kijana wa miaka 21, Don Sanderson wa Whitby Dunlops, alianguka katika pigano la namna hiyo. Kofia ilikuwa imemtoka. Kichwa kikagonga barafu. Alifariki Januari 2, 2009. Mwezi ule ule ligi ya vijana ya Ontario iliwakataza wachezaji wake kuvua kofia wapiganapo. Kupigana kwenyewe kuliendelea.